Kitu Kikilala Kinapumua

Kisangani, Kabondo, tarehe 14 Septemba 2024

Chancelle mutoto wangu,

Nakusalimia sana. Huku tunapumua. Mugongo wangu inauma upande ule unaojua, machine inashona, na mvua imeanza kuingia tena kwenye kona ya chumba chako, nimeweka bassin. Chantal wa jirani amezaa mapacha, wote wasichana, na bwana yake anatembea kama mutu aliyepigwa na jua.

Usiniulize tena juu ya telefone. Yangu ilikufa, na ile ya nyumba iko mukononi mwa tonton yako Alphonse. Ukinitumia sauti, yeye ndiye anasikiliza mbele, kisha ananipa na uso wa mutu asiyejua kitu. Barua ni muzuri zaidi. Ninamupa Abdulhamid, yule wa Maniema anayeleta vitambaa toka Kampala na camion. Ule mutu anafunga mudomo kuliko padri.

Umesema unasoma kingereza kila asubuhi mbele ya kazi. Bon. Basi kila barua unifundishe neno moja, mimi pia nijifanye mutu kati ya washonaji wenzangu. Lakini unipe neno ya kazi. Good morning tunaijua sisi wote.

Sasa tuongee. Alphonse alikuja juzi na kiti yake mwenyewe ku kichwa, nikajua maneno itakuwa ndefu. Alisema hivi: kaka yake Zéphirin, papa yako, alitoka hapa miaka tatu iliyopita kwenda kuchimba zahabu kule mbele ya Banalia. Mutu mumoja wa chantier, wa pale machimboni, alikuja kutuambia shimo liliporomoka na papa yako alikuwa ndani. Hatukuona mwili, hatukuona hata kofia. Na mahali pake ku chutes, kwenye maporomoko ya muto, pale miti inasimama katikati ya maji na vikapu vya samaki vinaning'inia, hakuna muti hata mumoja. Jamaa zingine zinapaangalia. Maji itashuka mwezi wa kwanza na wa pili, na mutu hawezi kusimamisha miti mahali pa kaka yake kama hajamulilia. Alors, anataka tufanye matanga mbele ya maji kushuka.

Unajua desturi ya jamaa ya papa yako. Mutu akisha kuliliwa amekwisha. Hata akirudi anatembea, hakuna atakayemuita kwa jina lake, na mahali pake ni pa mwingine. Na mimi nikisha kuvaa kile kitambaa nyeusi, siko tena mwanamuke anayengojea. Niko mujane.

Alphonse anangoja neno yako, juu wewe ndiye mutoto pekee wa Zéphirin. Andika wazi: tumulilie ao tusimulilie?

Mama yako Micheline, mbele ya machine


Kampala, Katwe, tarehe 19 Oktoba 2024

Mama yangu,

Barua yako ilifika inanuka samaki wa moshi, nikaisoma kwa pua kwanza. Pole kwa mgongo. Usiinue bassin ikiwa imejaa, mwite kijana wa Chantal. Mapacha nimewafurahia sana, wabusu wote wawili.

Mimi ni mzima. Nimehama chumba. Kile cha zamani kilikuwa juu, ngazi zilinichosha, hiki kiko chini na kina ua wake. Hospitalini bado nasafisha, lakini wameahidi kwamba kingereza changu kikinyooka nitaingia darasa la wauguzi. Chakula ni posho, ugali wa huku, na maharage, leo posho na maharage, kesho maharage na posho. Ninaota pondu.

Neno lako ni hili: dormant. Madame wetu alilifundisha juma lililopita na nimelipenda kuliko mengine yote. Ni la kusemea kitu kilichoacha kazi yake kwa muda, lakini hakijaisha. Mlima wa moto usiotoa moto. Mbegu katika udongo mkavu. Hata akaunti ya benki ambayo mwenyewe haigusi. Alituonya sehemu mbili. Usiliseme juu ya mtu aliyejilaza mchana baada ya kula, huyo amelala tu. Na usiliseme juu ya kitu kilichokufa, kwa sababu ukisema dormant umeahidi kwamba siku moja kinaweza kuamka.

Halafu akataka kila mmoja atoe mfano wa kwao. Mimi nikasema mahali petu ku chutes ni dormant. Akaniuliza kama nina hakika ya neno hilo. Nikasema ndiyo.

Donc, mama, jibu langu ndilo hilo. Msimlilie. Usivae kitambaa. Mwambie tonton Alphonse mahali pale pamelala na aache palale. Usiniulize zaidi, tafadhali, kwa sababu sina zaidi ya kuandika.

Mwanao anayekukumbuka kila anaposikia cherehani ya mtu,
Chancelle


Kisangani, tarehe 23 Novemba 2024

Chancelle,

Nakusalimia. Tuko wazima. Mugongo ni ule ule. Mapacha wanalia kwa zamu, mumoja akinyamaza mwenzake anapokea. Na Kiswahili yako imeanza kuvaa soksi huko Kampala, lakini nimeisikia yote.

Neno yako nilianza kulitumia siku ile ile. Machine ya Chantal iko dormant tangu Pasaka, haina mukanda tu. Ile ya fundi wa kona, yule aliyeuza vyuma vyake kimoja kimoja, haiko dormant, imekufa. Wenzangu walicheka, kisha nao wakaanza. Sasa hata client asiyerudi kuchukua robe yake tunamuita dormant.

Alphonse alipoita jamaa, nikasimama. Nikasema: mutoto ameandika, Zéphirin asililiwe, mahali pake pako dormant. Alphonse hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniumiza. Alisema polepole: belle-sœur, shemeji yangu, hiyo neno hata sisi tuliisoma kwa kifaransa. Lakini kitu kikilala kinapumua. Ni nani katika nyumba hii amesikia kaka yangu akipumua? Macho yake yalikuwa nyekundu. Watu wote wakaniangalia, na mimi nikaangalia mikono yangu. Ulinituma kwenye vita na fimbo nusu.

Wamepanga siku. Ni Jumamosi, tarehe 18 mwezi wa kwanza. Kitambaa kimekwisha kununuliwa, kiko hapa juu ya machine, kimekunjwa, kinaniangalia ninaposhona nguo za watu za harusi.

Donc uulize madame yako swali hili kwa ajili yangu. Wanajuaje kama mulima umelala tu na haukukufa? Nani aliingia ndani kuangalia?

Iko na neno ingine. Nilimupa Abdulhamid kwanga na liboke, akashiba, mudomo ukafunguka kidogo. Anasema mulangoni mwako aliona sapato, kiatu ya mwanaume. Niliposikia, sindano iliniingia ku kidole. Nilikutuma kusoma. Kama kuna bwana, aje na wakubwa wake tumuone uso, asiwe wa kujificha nyuma ya pazia kama mwizi wa kuku. Na ni mwanaume gani anaacha sapato moja tu inje? Abdulhamid anasema ile ingine labda imbwa iliibeba. Ndiyo sababu ulihama chumba?

Nimekasirika na ninakupenda, yote mawili.

Mama yako


Kampala, tarehe 10 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo ya mbali. Huku ni joto na vumbi, mimi mzima. Nilipandishwa daraja darasani. Natumai kidole kimepona.

Hakuna bwana. Naandika mara moja tu na uniamini: sina mwanaume, sina mchumba, hakuna wa kujificha. Abdulhamid aangalie vitambaa vyake. Iliniuma sana kusoma maneno yale, nikatoka kwenda kulia bombani kama mtoto.

Swali lako nilimpelekea madame. Alisema zipo mashine za kusikiliza mlima, zinachorachora usiku na mchana. Lakini hata bila mashine, watu wanaoishi karibu wanajua. Wanasikia joto chini ya miguu. Maji ya kisima chao ni ya uvuguvugu. Aliye mbali ndiye anayesema umekufa, kwa sababu anatazama kwa macho tu.

Mama, sogezeni matanga mbele. Hata mwezi mmoja. Mwambie tonton Alphonse kwamba mimi mwanawe nimempigia magoti. Mwambie nitakuja mwenyewe, mwambie ninaumwa, mwambie lolote. Siwezi kueleza. Si kwamba sitaki. Niliahidi, na aliyeniahidisha hanipi nafasi. Kila siku ninamsihi na kila siku ananigeuzia mgongo.

Barua hii naipeleka haraka. Abdulhamid anasema barabara upande wa Bafwasende ni matope matupu.

Chancelle


Kisangani, tarehe 27 Desemba 2024

Chancelle,

Noeli imepita, tulikula. Salamu zimekwisha.

Unaandika kwamba wanaokaa karibu ndio wanasikia joto. Nimesoma pale mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Wewe uko karibu na nini, wewe? Na unasema kuna mutu alikuahidisha, na unamuogopa mpaka unamudanganya mama yako. Tangu ulipozaliwa umemuogopa mutu mumoja tu, na si mimi.

Nilimukalisha Abdulhamid hapa mbele ya machine. Nikamuambia, leo hakuna kwanga, leo ni maswali. Ile sapato ni ya namna gani? Akasema ya pneu, zile za kukata ku mupira wa gari. Ya upande gani? Akafikiri, akasema ya kuume. Na mukanda wake? Akasema, mama, ninakumbuka juu nilicheka: ulishonwa na uzi nyekundu.

Chancelle, ule uzi ni wangu.

Asubuhi papa yako alipotoka kwenda Banalia, mukanda wa sapato ulikatika hapa mulangoni, mutu wa moto, yule wa pikipiki, anapiga klaksoni inje. Sikuwa na uzi nyeusi, ilikuwa imeisha. Nilishona na nyekundu, zote mbili, ile iliyokatika na ile nzima, ili zifanane. Alphonse alikuwepo. Alimucheka kaka yake, akamuambia unaenda kuchimba ao unaenda kucheza dansi.

Siwezi kumuambia Alphonse hii habari. Atasema sapato inaibwa, sapato inauzwa, sapato inavuliwa ku maiti. Na atakuwa na haki kusema hivyo. Lakini mimi ninajua hukupokea sapato ya maiti ukaiweka mulangoni ikingojea mutu. Ni ya mutu anayeingia na kutoka.

Muguu ingine uko wapi?

Usinijibu wewe. Neno yako nimelisikia ya kutosha, lilitembea mpaka hapa lilipoweza. Sasa nataka neno yake. Soma hii barua kwa sauti, mbele yake, na usiruke mahali:

Zéphirin. Jumamosi tarehe 18 watanivika. Nikivaa, siivui. Utakuwa umekufa hata kama unakula posho. Hii haitakuwa kazi ya shimo, wala ya Alphonse. Itakuwa kazi yako.

Abdulhamid anaondoka kesho asubuhi.

Micheline


Kampala, tarehe 6 Januari 2025

Mama,

Nilisoma kwa sauti. Sikuruka mahali.

Papa yuko hapa. Shimo lilimwangukia kweli. Wenzake walimtoa siku ya pili, yule mtu wa chantier alikuwa amekwisha kuondoka kuwaletea habari, wakambeba mpaka Isiro, na toka huko wakampeleka Arua, upande wa Uganda, ambako walimkata mguu wa kushoto juu ya goti. Alikaa kule muda mrefu kwa watu wa kanisa. Mwaka jana, baada ya Pasaka, ndipo alinipata, kupitia Wakongomani wa kanisa letu. Nilikwenda kumchukua. Sikumtambua, mama. Nilimpita pale kwenye benchi, akaniita kwa jina.

Ndiyo sababu nilihama chumba. Ngazi zilimshinda.

Kabla hajakubali kupanda basi aliniapisha nisiseme kwenu. Alisema mtu wa chutes amesimama kwa miguu juu ya mti uliolowa, maji yanavuta chini yake. Sasa yeye arudi kukaa ukingoni na wanawake wanaosafisha samaki, wamtazame? Alisema bora mnikumbuke nikiwa nimesimama. Nilimwambia mama anangoja. Alisema atachoka. Nilimkasirikia mpaka nikaacha kumpikia siku moja, kisha nikampikia.

Ulipouliza wanajuaje kama mlima umelala, nilikuwa nakaa naye chumba kimoja na nasikia akikoroma. Unielewe.

Basi nilipomaliza kukusoma alikuwa amegeukia ukuta, kama desturi yake. Chai yake ikapoa hapo. Kisha akasema, andika, hii ni ya Alphonse: “Ule muti wa katikati usiusimamishe kwenye jiwe lililopasuka. Nilikuambia siku ile ulipoanguka ukapoteza suruali. Weka kwa kuume, maji yatakusaidia.” Ni hayo tu. Nikaandika kama alivyosema.

Kisha akafungua mfuko wake akatoa sapato ya kushoto. Imekuwa humo siku zote, toka shimoni. Haijakanyaga kitu. Akasema ipelekwe, ifungwe pale mahali pake, kama mzee wake alivyokuwa akiacha kikapu kimepinduliwa juu ya mti akienda safari, watu wajue mwenyewe hajaisha. Nimeifunga ndani ya kitambaa, Abdulhamid ameiweka chini ya kiti chake.

Kwako hakusema neno. Alianza mara mbili, akaacha. Sijui kukuandikia uongo hapo.

Abdulhamid anasema akipita matope atafika mbele ya Jumamosi. Sijalala usingizi wa maana tangu nilipompa.

Chancelle wako


Kisangani, tarehe 26 Januari 2025

Chancelle mutoto wangu,

Nakusalimia wewe na yule mwenye kukoroma.

Abdulhamid hakufika mbele ya Jumamosi. Alifika Jumamosi yenyewe. Camion ililala mu matope, akaiacha na muchukuzi wake, akapanda pikipiki. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mukeka katikati ya nyumba tangu asubuhi. Inje sufuria zilikuwa motoni, wanawake walikuwa wamekwisha kuanza nyimbo. Kitambaa kilikuwa juu ya magoti yangu. Dada zake papa yako waliniambia, vaa. Nikasema, ngojeni nikunywe maji. Wakaleta maji. Nikasema, ngojeni nitoke inje kidogo. Nikatoka, nikarudi. Nikasema, ngojeni nimalize kuomba. Nilimuomba Mungu mpaka yeye mwenyewe alichoka, nafikiri. Mwishoni wakanyanyua kitambaa wao wenyewe, na mimi nikainua mikono. Chancelle, niliinua. Sikuwa tena na maneno ya kuwapa.

Ndipo Abdulhamid aliingia, matope mpaka kifuani, bila kupiga hodi, mwislamu mwenye heshima vile. Akaweka kitu magotini pangu, na barua yako juu yake.

Nilifungua. Niliona uzi wangu. Nilisimama nikapeleka kwa Alphonse. Aliangalia mukanda. Akasema vile vile nilivyojua atasema: iliokotwa. Basi nikasoma barua yako kwa watu wote. Nilipofika kwenye jiwe lililopasuka na ile suruali, Alphonse aliketi chini kwenye sakafu. Siku ile walikuwa wawili tu ku maji, mutu wa tatu hakuwepo. Alilia na sauti kubwa, ule mwanaume, watu wa inje wakafikiri matanga imeanza vizuri.

Akisha kulia, alikasirika. Alimutukana kaka yake maneno ambayo sitaandika. Kisha akachukua sapato, akaenda nayo ku chutes, na sisi sote nyuma yake. Akasimamisha muti mumoja, wa katikati, kwa kuume ya lile jiwe. Akafunga sapato juu yake. Jamaa zingine zimeiona. Mahali pako dormant, na sasa kila mutu amesikia pumzi. Miti ingine anaisimamisha juma hili, kwa jina la Zéphirin. Chakula cha matanga tulirudi tukakila, hatungemwaga.

Hiyo ni ya Alphonse. Sasa ni yangu.

Wewe nimekusamehe, ulibeba kitu kinachokupita ukubwa. Yeye bado. Muambie anawaza tulikuwa tunamungoja kwa ajili ya kusimama kwake. Ninashona nguo za watu tangu mbele ya ndoa yetu, ninajua miguu ya wanaume wa mutaa huu wote, ya kupinda na ya kunyooka, sijaona ule wa kunipa sababu ya kulala macho wazi miaka tatu. Nililala hivyo kwa ajili yake yeye. Muambie neno lile la kingereza ni ya mahali pa samaki. Haliko yangu. Mimi sikulala hata siku moja, nilikuwa macho, na yeye aliambiwa ninamungoja, akanyamaza.

Kwangu hakusema neno. Bon. Mimi pia sitasema, nimemushonea.

Kile kitambaa nyeusi kilikuwa kizuri, watu walikichangia, hakifai kutupwa. Nimekata suruali. Kuume ni ndefu, kushoto inaishia juu ya goti na nimeikunja vizuri, haitamukwaruza. Uzi ni nyekundu. Kiuno nilikisia, juu sijui amekonda namna gani.

Abdulhamid anakuletea pamoja na hii barua, na ana nafasi mbele ya camion yake akirudi. Umupe papa yako aijaribu. Ikimutosha, aivae, apande.

Kama hataki kupanda, fumua ile mishono polepole, usikate, unirudishie kitambaa. Nitakivaa.

Micheline